Yaya wa kulala au wa kutwa? Hesabu za Kisumu na Nakuru

Likizo ya uzazi kwa sheria ya Kenya ni miezi mitatu. Aliyejifungua Januari anatakiwa ofisini Aprili, na aliyejipanga anaanza kutafuta yaya mtoto akiwa na wiki nane hivi. Jamaa watamuuliza, "Umepata msichana?" Atalala wapi, hakuna anayeuliza. Inachukuliwa kwamba atalala ndani, kwenye godoro la chumba cha watoto, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa kwa mama zetu na ndivyo ilivyo Nairobi, ambako mfanyakazi akitoka Kayole kwenda Lavington anapoteza nusu ya siku barabarani.

Kisumu na Nakuru ni miji ya vipimo vingine. Nyalenda na Milimani ya Kisumu zimetenganishwa na barabara tu. Manyatta inapakana na Migosi. Nakuru, mtu wa Free Area anafika Section 58 kwa boda moja fupi. Ndiyo maana katika miji hii yaya wa kutwa, anayeingia asubuhi na kurudi kwake jioni, ni jambo linalowezekana, na kwa familia nyingi ninaona ndilo chaguo bora. Lakini si kwa zote, na wanaotetea yaya wa kulala wana hoja zinazostahili kujibiwa.

Hoja yao kubwa ni gharama. Wanasema wa kulala hulipwa 7,000 au 10,000, chumba kipo tayari na chakula kinapikwa chungu kimoja, ilhali wa kutwa atadai mshahara wa kumlipia kodi na nauli. Hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa hiyo tuifanye yote.

Agizo la mishahara ya kima cha chini lililoanza Novemba 2024 linampa yaya wa Kisumu shilingi 16,113.75 kwa mwezi, katika kundi moja na vibarua, wafagizi na watunza bustani. Asiyepewa makao huongezewa posho ya nyumba ya asilimia 15, yaani 2,417. Jumla 18,531. Mwajiri anachangia asilimia 6 kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba nafuu, kama 1,390. Kwa hiyo yaya wa kutwa anamgharimu mwajiri karibu 19,920. Upande wake anakatwa NSSF, ushuru wa nyumba na asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA, anabaki na kama 16,630 mkononi. Kodi ya mapato haimgusi kwa kiwango hicho.

Wa kulala hadai posho ya nyumba, basi anaanzia 16,113. Sasa hesabu saa. Wiki ya kazi ya kawaida chini ya agizo hilo ni saa 52 ndani ya siku sita. Yaya wa kulala huamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa uji na sare za shule, na hulala saa nne usiku vyombo vikishaoshwa. Hizo ni saa 17. Tuseme saa 5 kati ya hizo amekaa tu, mtoto amelala. Zinabaki 12, mara siku sita ni 72, saa 20 juu ya kiwango. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu: gawanya mshahara wa msingi kwa 225, upate karibu 72, kisha zidisha, ni kama 107. Saa 20 kila wiki ni zaidi ya shilingi 9,000 kwa mwezi. Ongeza chakula, sabuni na mafuta ya kujipaka, na yaya "wa bei nafuu" amevuka 25,000.

Unafuu wake, kwa maneno mengine, unatokana na saa ambazo hakuna anayezihesabu. Wengi hawalipi hata hicho kima cha chini, hilo linajulikana kila mtaa. Lakini deni la mshahara halifutiki kwa sababu mlielewana kwa mdomo. Mfanyakazi ana miaka mitatu ya kudai, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina vituo Kisumu na Nakuru.

Sasa upande wa pili, na hapa hoja zao zina uzito. Kwanza ni zamu. Muuguzi anayeingia usiku, askari, dereva wa masafa marefu au mzazi anayelea peke yake na kazi yake inaisha saa mbili usiku hawezi kumtegemea mtu anayeondoka saa kumi na mbili. Pili ni mahali unapoishi. Ukiwa pembezoni, kama Riat ya Kisumu au Kiamunyi, Ngata na ndani ya Lanet za Nakuru, yaya wa kutwa atahitaji matatu mbili au boda ya kila siku, na mvua kubwa ya Aprili ikipiga Kisumu jioni atakwama. Tatu, na watetezi wa kutwa hupenda kuliruka hili, ni maslahi ya yaya mwenyewe. Msichana aliyetoka Vihiga au Busia hana chumba mjini. Akilala ndani, hata akilipwa 12,000 ambazo ziko chini ya kima hicho, anaweza kuweka akiba kubwa kuliko mwenzake wa kutwa anayelipa kodi, maji, makaa na nauli kutoka kwenye 16,630. Mama mwenye watoto wake Manyatta ataona kinyume: kazi ya kulala inamlazimu kuwaacha wake ili alee wako, na mtu aliyewekwa hapo huwa na simu sikioni mchana kutwa. Hana uvivu huyo. Anajaribu kulea nyumba mbili.

Kwa hiyo, mzazi wa saa za ofisi, anayeishi karibu na mitaa wanakoishi wafanyakazi, achukue wa kutwa. Kuingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kutoka saa kumi na mbili jioni, ukiondoa saa moja ya mapumziko ya kweli, ni saa kumi na nusu. Mara siku tano ni 52.5. Imejaa. Ukimtaka na Jumamosi, hiyo ni kazi ya ziada, mkubaliane kabla, sio Ijumaa jioni akiwa mlangoni na mkoba wake. Wa zamu na wa mbali wachukue wa kulala, lakini apewe kitanda chake, neti, mlango unaofungika, saa ya kumaliza kazi iliyotajwa, na siku moja kamili ya mapumziko kila wiki. Jumapili ya kutoka saa nane baada ya kupika chakula cha mchana si siku ya mapumziko.

Mahali pa kutafutia hutegemea uamuzi huo, na watu wengi hukosea kwa kuuchelewesha. Yaya wa kutwa hupatikana mtaani: kupitia yaya wa jirani, kanisani au msikitini, chama cha akina mama, au mwenye kibanda cha mboga anayejua nani ameachishwa kazi juzi na kwa nini. Mtu huyo anajulikana anakoishi, na mzee wa mtaa au kiongozi wa Nyumba Kumi anaweza kumthibitisha kwa simu moja.

Wa kulala huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni jamaa kijijini, na ina uzuri wake, kwa kuwa ukoo wake unaujua na chifu wake yupo. Ubaya ni kwamba huwezi kumkaripia mtoto wa binamu ya mama bila kesi kufika hadi kwa shangazi, mshahara huombwa utumwe kwa mzazi wake, na mara nyingi kuna ahadi ambayo haikutajwa waziwazi: kwamba utamsomesha. Aliyemaliza kidato cha nne ataondoka siku atakapopata nafasi ya chuo, na ana haki. Mshahara sheria inataka alipwe mwenyewe. Njia ya pili ni ofisi za wakala mjini. Unalipa ada, kwa kawaida kati ya 1,500 na 5,000, na unaahidiwa kubadilishiwa akishindwa. Ahadi hiyo ndiyo kasoro ya mfumo. Wakala hupata ada nyingine yaya akihamia nyumba nyingine, kwa hiyo hana sababu kubwa ya kutaka akae kwako. Dai ahadi iwe kwenye karatasi: miezi mingapi, watu wangapi, na ada hurudishwa lini. Picha na jina walizokupa usizichukulie kuwa uchunguzi.

Uchunguzi unaufanya mwenyewe. Kitambulisho cha taifa kwanza, kwa kuwa chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria na huna kazi ya kumpa. Cheti cha mwenendo mwema cha DCI, idara ya upelelezi, huombwa kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen kwa takriban 1,050, alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre, na haki ni mwajiri alipe. Kisha waajiri wawili wa zamani. Namba za marejeo mara nyingi huwa za dada yake au rafiki, na kuna njia nyepesi ya kugundua: muulize yaya kwanza majina ya watoto aliowalea, umri wao, na kitu kilichokuwa karibu na nyumba hiyo. Halafu mpigie mwajiri umuulize yaleyale bila kumdokezea. Malizia na, "Akirudi leo utamchukua?" Kimya cha sekunde mbili kinasema mengi. Kipimo cha Ukimwi usikidai, sheria ya mwaka 2006 inakataza kukifanya sharti la kazi. Kumuuliza kama ana mimba ili umnyime kazi ni ubaguzi vilevile.

Katika mahojiano, maswali ya "unapenda watoto?" ni ya kupoteza muda. Mpe tukio. "Dada, mtoto wa miezi minane amekabwa na karanga, hatoi sauti. Unafanya nini?" Jibu unalotaka ni kumlaza kifudifudi mkononi kichwa kikiwa chini, mapigo matano mgongoni kati ya mabega, kisha kumgeuza na kubonyeza kifua mara tano, na kuita msaada. Asipojua, mfundishe, wazazi wengi nao hawajui. Unachopima ni kama anasikiliza na kuuliza.

Mambo mengine hutegemea mji. Kisumu ni ukanda wa malaria wa ziwa: mtoto akipata joto la mwili apimwe siku hiyohiyo, asipewe vidonge vilivyobaki kabatini, na yaya ajue kijitabu cha mama na mtoto kiko wapi kwa sababu chanjo ya malaria ina dozi zake. Nakuru iko juu ya mita 1,800 na Julai ni baridi. Hatari ya hapo ni jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, hewa yake ya sumu haina harufu. Gesi ikinuka: zima regileta, fungua mlango na madirisha, usiguse swichi ya taa. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa hadi saa nne nje ya friji, mahali pasipo na joto kali, na hadi siku nne ndani yake. Yakishabaki kwenye kikombe mtoto alipoacha, hayahifadhiwi kwa zamu nyingine.

Mwanzo wa kazi usiuweke siku ya kurudi ofisini. Wiki mbili za kulipwa kabla ya hapo zinatosha, ya kwanza ukiwa nyumbani siku nzima, ya pili ukitoka kwa muda wa saa mbili, kisha nne, kisha kutwa. Mkataba wa maandishi ni lazima kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi: kazi zenyewe (kulea si sawa na kulea, kufua nguo za watu sita na kuosha gari), saa, mshahara, siku ya kulipa, likizo ya siku 21 kwa mwaka. Muda wa majaribio usizidi miezi sita, na ndani yake notisi ni siku saba.

Kamera za sebuleni na jikoni ni sawa mradi umemwambia. Chumbani kwake au bafuni, kamwe. Zaidi ya kamera, mtazame mtoto: anayejikunja yaya akiingia, mwenye alama zisizoelezeka, au anayelala usingizi mzito usio wa kawaida mchana. Apelekwe hospitali kwanza, na namba 116 ya msaada kwa watoto haina malipo.

Kuhusu Desemba: yaya wengi wa kulala huenda nyumbani Krismasi na Januari simu haishikwi. Sababu huwa likizo ambayo haikuwahi kutolewa mwaka mzima, kwa hiyo anajichukulia yote kwa mpigo na kazi anaiacha. Mpe siku zake katikati ya mwaka, kama Agosti, na mlipe mshahara wa Desemba wote kabla ya safari badala ya kuuzuia kama rehani, maana mshahara uliozuiwa ni haki yake hata asiporudi. Mkiachana kwa amani, notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 kwa maandishi, likizo ambayo hakuichukua hulipwa kwa siku 1.75 kwa kila mwezi aliofanya kazi, na hati ya utumishi yenye tarehe za kuanza na kumaliza apewe mkononi. Hati hiyo ndiyo mwajiri anayefuata atakayokupigia simu kuihakikisha.