Msiishie kwenye mnara wa taa

Mhariri, makala yenu inasifu matembezi ya kuzunguka rasi ya Portland, kusini mwa Uingereza, lakini karibu yote inazungumzia ule mnara wa taa wa 1906. Mnara ni mzuri, sikatai. Ila roho ya Portland ni mawe yake ya chokaa, na hayo mwandishi ameyapita mbiombio. Ukishika njia ya magharibi unafika machimbo ya zamani ya Tout, ambako tangu 1983 wasanii wamekuwa wakichonga sanamu, nyingine kwenye mwamba wenyewe. Inama uyatazame mawe kwa karibu: baadhi yana matundu yaliyojisokota kama skrubu, alama za konokono wa baharini walioishi zama za dinosaria. Mawe ya rasi hii ndiyo aliyoyachagua msanifu majengo Christopher Wren kujenga upya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, baada ya moto wa 1666. Anayetaka kuzunguka rasi yote atenge siku nzima na avae viatu imara, maana upande wa mashariki, kuelekea ghuba ndogo ya Church Ope Cove, kuna mawemawe na ngazi. Mhariri, tafadhali tuleteeni makala nyingine kuhusu machimbo hayo.