Afadhali kupigwa mkono kuliko kutolewa kwa goli la ugenini

Muulize shabiki wa Simba au Yanga kipigo kilichomuuma kuliko vyote. Wa Yanga atataja 5-0 ya Mei 2012, wa Simba 5-1 ya Novemba 2023. Mimi nabisha. Kipigo cha mkono, yaani magoli matano, kinauma vibaya lakini kinapita, kwa sababu likiingia la nne shabiki ameshakata tamaa, na lawama zina pa kwenda. Baada ya ile 5-1, kocha wa Simba, Robertinho, hakumaliza hata wiki Msimbazi. Kinachobaki ni utani wa kijiweni, nao una zamu zake.

Yasiyoisha ni maumivu ya hesabu, ile ya goli la ugenini: jumla ya mechi mbili ikilingana, anapita aliyefunga mengi zaidi ugenini. Chukua fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Yanga na USM Alger. Mei 28, Kwa Mkapa, Yanga iko nyuma 0-1. Dakika ya 82 Fiston Mayele anasawazisha, uwanja unalipuka. Kabla watu hawajakaa vizuri, Waalgeria wanatupia la pili. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani deni ni goli moja. Ukishafungwa 1-2 nyumbani, kushinda 1-0 ugenini hakukusaidii kitu. 2-1 inawapeleka kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti. Kombe linaanzia 2-0, au 3-2. Juni 3 kule Algiers, Djuma Shabani akafunga penalti mapema, na mechi ikaisha hivyohivyo, 1-0. Jumla 2-2, umeshinda kwenye uwanja wa mwenyewe, na kombe hulipati. Utamlaumu nani? Ndiyo maana mwana Yanga bado anairudia video ya lile goli la pili la Dar.

Sare tasa ugenini nayo ni mtego, maana humlevya shabiki. Mwaka 1993 Simba ilitoka 0-0 na Stella kule Abidjan, fainali ya Kombe la CAF. Inaonekana nusu ya kazi imeisha. Kumbe mgeni akipata goli moja tu kwako, sare ya 1-1 inamtosha, nawe unadaiwa mawili. Stella walikuja Dar es Salaam wakashinda 2-0.

Halafu kuna ile 3-3 ya watani, Oktoba 2013. Yanga wakaenda mapumziko wanaongoza 3-0, Simba wakakomboa yote. Pointi ni mojamoja, lakini upande mmoja uliondoka kifua mbele na mwingine kama unatoka msibani.

Kwa hiyo kabla ya marudiano yenye hesabu ya goli la ugenini, kaa na karatasi uandike matokeo yanayokuvusha, yanayokupeleka kwenye matuta na yanayokutoa. Ukianzia nyumbani, usinune kwa ushindi wa 1-0. Ni bora kuliko 2-1: ukifungwa 0-1 kule bado una matuta, wakati mwenye 2-1 ameshatoka.

Na mkeka wa kubeti? Timu yako usiiweke kabisa. Ukiipa ushindi ikafungwa, umepoteza raha na hela. Ukiipa kufungwa, dakika ya 88 straika wenu anabaki na kipa, banda umiza zima limesimama, wewe peke yako unaomba apaishe.