Pampu si starehe, ndiyo kifuniko cha kisima

Kila kiangazi kinapokaza Lubumbashi, mji wa shaba kusini mwa Kongo (DRC), lawama huwarudia wenye visima vya nyumbani: wanajichimbia maji yao, Regideso, shirika la maji la serikali, inapoteza wateja, jirani anabaki na bidoni kichwani. Lawama hiyo ina uzito. Wenye uwezo wakijitoa, nani atalipia mabomba yaliyochakaa? Lakini kuna mitaa ya Annexe, wilaya ya pembezoni mwa mji, ambako bomba halijawahi kufika. Huko mtu hachagui kati ya Regideso na kisima. Anachagua kisima cha namna gani.

Na hapo pampu inaonewa, inaitwa anasa. Tazama kisima cha kamba: kamba inalala kwenye tope walipopita bata, kisha inarudi majini na kila ilichookota. Mdomo hauwezi kufungwa, maana ndiyo njia ya ndoo. Ukiweka pampu, unaufunika kwa zege na kuacha tundu la bomba tu.

Wataalamu hushauri mita 30 kati ya kisima na choo cha shimo. Haya, chukua lupango, yaani kiwanja cha nyumba, wa mita 20 kwa 30. Kona hadi kona ya mkabala ni mita 36. Choo kikiwa kona moja, kisima kinabakiwa na kipande kidogo kwenye kona ya pili. Na nyuma ya ukuta wa kona hiyo kuna nini? Choo cha jirani, kwa sababu sote tunakiweka nyuma, mbali na mlango. Mita 30 hizo hakuna mtu anayeweza kuzitimiza peke yake ndani ya ukuta wake, hata awe mwangalifu vipi. Mvua za Novemba hadi Aprili nazo zinapandisha maji ya ardhini karibu zaidi na mashimo ya vyoo.

Kilichobaki ni kwenda chini zaidi. Pampu inayofyonza kutoka juu haivuti zaidi ya mita 7 au 8. Foraje ndefu, yaani kisima chembamba kinachochimbwa kwa mashine, kwa kawaida inataka pampu ya kuzamisha, na pampu hiyo inataka umeme. Hapo wanaopinga pampu wana haki: SNEL, shirika la umeme, ikikata, familia inaamka usiku wa manane kujaza tangi. Ni gharama, tena kubwa.

Hoja yao nzito zaidi ni ya madini. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi kobalti wala shaba. Katika mji ulioyeyusha shaba tangu 1911, maji ya kunywa yapimwe maabara kwanza, hata yakiwa meupe kama kioo.

Ukiita wachimbaji, usibishane bei ya mita tu. Uliza saruji itashuka mita ngapi kuzunguka bomba, maana pasipo saruji maji machafu ya juu yanateremka kando ya bomba mpaka chini. Kisha simama pale inapomwagwa. Ikishafukiwa, hakuna atakayeweza kuikagua.