Mjuaji wa Matairi na Ile Kumi na Nane

Mimi husoma ubavu wa tairi kama wengine wanavyosoma gazeti. Ukiegesha karibu nami, kabla hujazima injini nimeshajua matairi yako yana umri gani. Kwa hiyo matairi ya SUV yetu, gari la watu watano na mizigo ya watu kumi, yalipobakiwa na meno ya milimita 2, nilitangaza nyumbani kwamba kuchagua mapya ni kazi yangu peke yangu.

Vile vinundu vilivyojificha ndani ya mifereji ya tairi vimewekwa kwenye milimita 1.6. Meno yakilingana navyo, tairi limekufa, ni maziko tu yamechelewa. Mimi kwa kawaida sifiki huko. Chini ya milimita 3 mifereji haiwahi tena kutoa maji, na gari huanza kuelea kwenye lami yenye mvua.

Shemeji akashauri tununue yale ya porini, yenye meno kama ya mamba, ili gari lionekane la kiume. Nikamkatalia. Gari linalokanyaga lami siku sita na vumbi siku moja halihitaji mamba. Litavuma masikioni safari nzima, litakunywa mafuta, na kwenye lami yenye maji mara nyingi breki zake ni hafifu kuliko za tairi la misimu yote. Nikamwongezea na somo ambalo hakuliomba: herufi M+S ubavuni ni kauli ya mtengenezaji tu, kwamba meno yamepangwa kwa matope na theluji. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ndiyo inayopewa tairi lililofaulu jaribio la kushika theluji. Shemeji akaondoka kwenda kunywa maji.

Sasa saizi. Mvua ilikuwa imenyesha na magurudumu yote manne yalikuwa yamekandikwa tope hadi kwenye nati. Sikuona sababu ya kujichafua. Nikafunua sakafu ya buti, spea ikanitazama, safi kama sahani ya wageni: 225/65R17 102H. Nikafungua mlango wa dereva nikasoma kibandiko: 225/65R17, upepo psi 33. Mashahidi wawili, na maneno yao yamelingana. Mahakama gani ingetaka wa tatu?

Nikamwita binti yangu wa miaka saba aje ajifunze. 225 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, asilimia 65 ya huo upana. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 102 ni namba ya mzigo, maana yake kilo 850 kwa tairi moja. H ni mwendo wa mwisho, kilomita 210 kwa saa, ambao mama yako hataruhusu.

Yeye alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele, anasugua tope kwa kidole.

“Baba, huku pana kumi na nane.”

“Huo ni mwaka, mwanangu. Tafuta neno DOT, uangalie tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Limetengenezwa 2018.”

“Lakini mbele yake pana R.”

“R ni radiali,” nikasema, nikaendelea na somo.

Nikanunua matano. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne halitaki mchanganyiko: tairi lililolika ni dogo kidogo, huzunguka mara nyingi zaidi kuliko mwenzake, na ile klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hudhani kuna gurudumu linateleza. Inashughulika bila kazi hadi inaungua. La tano lilikuwa la spea, maana spea huzeeka ndani ya buti ingali na meno yake yote, kama mzee asiyetoka nyumbani. Yetu ilikuwa na miaka kumi na mbili.

Kwa fundi nikaamuru tuanze na hiyo spea, kwa sababu watu huisahau. Kijana wake akaitoa tairi la zamani, akabadilisha valvu, akapaka sabuni mdomo wa tairi jipya, akalizungusha kwenye mashine. Likaingia kama mguu kwenye kandambili. Upepo ukajaa, pap, pap, midomo yote miwili ikakaa mahali pake. Nikamtazama mke wangu. Nilikuwa na tabasamu ambalo mpaka leo ananikumbusha.

Likafuata gurudumu la mbele kushoto. Jeki, nati tano, tairi kuukuu chini, jipya juu ya rimu. Likakataa.

“Ongeza sabuni,” nikamwambia kijana.

Akaongeza.

“Mpira mpya huwa mgumu. Ingiza mtaimbo, vuta polepole.”

Akavuta. Akasimama kabisa juu ya mtaimbo. Nami nikashika ubavu wa pili, shati jeupe, tukawa tunahema kama watu wanaomvua ng'ombe kisimani. Mke wangu akauliza kutoka kivulini kama ndivyo inavyofanyika siku zote. Nikajibu kwamba ndivyo, hasa kwa matairi ya ubora.

Fundi mwenyewe, mzee asiyeongea, akaja akamshusha kijana juu ya mtaimbo. “Acheni. Mtakata waya za mdomo. Likija kupasuka wakati wa kujaza upepo, hapa pataokotwa watu.” Kisha akanigeukia. “Rimu hii ya ngapi?”

“Kumi na saba,” nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma kibandiko.

Akachukua tambara, akafuta tope kwenye tairi kuukuu, akalielekeza kwangu kama mwalimu anayekupa kitabu usome mbele ya darasa. 225/60R18 100H. Akalizungusha kidogo nikaona na DOT. Tarakimu nne za mwisho zilikuwa 3016. Hata mwaka haukuwa 2018.

“Si nilisema?” ikatoka sauti ndogo nyuma yangu.

Aliyekuwa na gari hili kabla yetu aliweka rimu za inchi 18, spea na kibandiko akaviacha vilivyo. Na alifanya kwa akili: rimu imekua inchi moja, kimo cha ubavu kikashushwa kutoka 65 hadi 60, kwa hiyo tairi zima lina kipenyo cha milimita 727 badala ya 724. Tofauti ya milimita 3, ndiyo maana spidomita haikuwahi kunishtaki. Niliuona uzuri wa hesabu hiyo nikiwa na sabuni hadi kwenye viwiko.

Ikabidi tairi kuukuu lirudishwe kwenye rimu ili gari litembee. Fundi akadai malipo ya kuvua na ya kuvisha, yote mawili, na hakuna aliyekuwa na uso wa kubishana. Muuzaji akakubali kupokea matairi matatu. La nne lilikuwa na kovu la mtaimbo mdomoni, na mdomo ndio unaozuia upepo. Hakuna wa kulinunua tena.

“Haya, saizi gani?” muuzaji akauliza akishika kalamu.

Nikafungua mdomo.

“Mia mbili ishirini na tano, sitini, R kumi na nane,” akasema binti yangu. Muuzaji akaandika bila kunitazama. Nikajitutumua kuuliza habari ya 100 badala ya 102. Akanijibu kwamba 100 ni kilo 800, ndiyo namba iliyokuwa kwenye matairi niliyokuja nayo, na gari lote likijaa halikaribii kilo 3,200. Nikanyamaza.

Manne yakavaa bila mtaimbo. Tukafanya balansi, tukanyoosha magurudumu ili mapya yasilike upande. Nati zikakazwa kwa kuvukana, si kwa mzunguko, nikaambiwa nirudi baada ya kilomita 100 zikazwe tena. Fundi akauliza upepo kiasi gani. Kijana alikuwa ameshasoma ubavuni 51. Hicho ni kikomo cha tairi, gari halijawahi kuomba kiasi hicho. Ukijaza hapo unapanda pikipiki yenye milango. Nilijua jibu ni 33. Hata hivyo nilimtazama binti yangu kwanza, naye akaenda mlangoni kuhakikisha.

Lile lenye kovu liko barazani. Amelifanya kiti, na jioni humkalisha mdogo wake wa miaka minne juu yake, anamwonyesha ubavu kwa kidole.

“Hii ni R. R ni radiali. Baba ndiye aliyenifundisha.”