Wakorea wamepata silabi zao 11,172, sisi ritifaa (') moja imetushinda

Juzi hapa Daejeon, Korea Kusini, ofisi nzima imenuna kwa sababu ya jina la faili. Mwenzetu mwenye Mac aliwatumia wenye Windows, na jina likafika limesambaratika: badala ya 한글 wakaona ㅎㅏㄴㄱㅡㄹ. Ukitaka kulisoma, linasomeka. Lakini kwao hiyo ni aibu, fundi akaitwa papo hapo. Mimi nilikaa kimya, wivu umenikaba.

Herufi za Kikorea hazipangwi foleni kama zetu, hushikana kuunda silabi: ㅎ, ㅏ na ㄴ zinakuwa 한. Yunikodi, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi msimbo wake kwenye kompyuta, inaruhusu kuitunza silabi hiyo kama kipande kimoja au kama herufi tatu zinazofuatana, na Mac zina tabia ya kuyavunja majina ya faili. Konsonanti za mwanzo 19, irabu 21, za mwisho 27 na nafasi ya kutokuwa nayo, jumla 28. Zidisha 19 kwa 21 kwa 28 upate silabi 11,172. Zote zimepangwa kuanzia msimbo AC00 hadi D7A3 kwa utaratibu ambao kompyuta inapiga hesabu tu, haikariri.

Na hawakupewa bure. Kiwango chao cha herufi za kompyuta cha mwaka 1987 kilikuwa na silabi 2,350 tu. Silabi kama 똠 haikuwemo, na mwenye silabi adimu kwenye jina lake alikuwa na lake la kujitafutia. Hawakukubali yaishie hapo. Mwaka 1996 toleo la 2.0 la Yunikodi likaziondoa silabi 6,656 zilizokwisha kuwekwa, likazipanga upya mahali pengine zikiwa kamili, zote 11,172. Vurugu iliyotokea ikafanya Yunikodi iweke ahadi ya kutohamisha herufi tena!

Sasa tuje kwetu. Mimi Msukuma, jina langu linaanza na Ng'w. Cheti cha kuzaliwa kina ritifaa, cha shule hakina, na benki moja nyumbani mtandao wao uliniandikia kwamba nimeingiza "herufi isiyoruhusiwa". Jina la babu yangu, haliruhusiwi! Mnajua kinachofuata: wakili, hati ya kiapo, mhuri, njoo kesho.

Najua mtakavyosema. "Huyu kapanda ndege, sasa ritifaa ndiyo inamkera, sisi huku umeme." Ndugu zangu, umeme naujua, nimesomea kibatari. Ila hili halihitaji bwawa wala mkopo. Alama hiyo inazuiwa kwa sababu kwenye programu nyingi ndiyo inayofungua na kufunga maandishi, na mwandishi wa programu anaogopa mdukuzi ataitumia kupenyeza amri zake. Dawa yake inafundishwa mwaka wa kwanza wa chuo. Kuipiga marufuku ni uvivu.

Halafu ritifaa zenyewe ni ukoo mzima. Ya kibodi ina msimbo 0027, simu huipinda kuwa yenye msimbo 2019, na Yunikodi ina nyingine, msimbo 02BC, inayohesabiwa kuwa herufi kamili. Machoni ni zilezile, lakini mifumo mingi ukitafuta jina kwa moja haioni lililoandikwa kwa nyingine. Nani kwetu ameamua tutumie ipi? Tuna mabaraza ya lugha, tuna siku ya Kiswahili Julai 7, tunapiga ngoma.

Wala siwasujudii Wakorea. Fomu zao zimezoea majina ya silabi tatu, langu hukatwa mkia. Tena ㅇ yao hutoa sauti ya ng' mwishoni mwa silabi tu, mwanzoni ni bubu, kwa hiyo silabi zote 11,172 hazina hata moja ya kuanzia jina langu. Wananiita Eung-wan-nini sijui. Nacheka nao, kwa kuwa hiyo ni lugha yao.

Lakini kijana wa Dar anayeandika programu ya benki, ambaye labda mama yake ni wa Magu, Usukumani kwetu, yeye ana kisingizio gani?