Unga wa mbwa na biskuti za Tomi

Dukani ninakonunua unga, hapa Morogoro, kuna magunia mawili kando ya mizani. La kwanza ni sembe ya watu. La pili mdomo wake umekunjwa, unga wake una rangi ya majivu, na ukisogeza pua unasikia harufu ya chumba kilichovujiwa na mvua. Hilo linaitwa unga wa mbwa, na bei yake ni karibu nusu ya lile jingine. Kwa miaka mitatu nilimnunulia Popi unga huo bila kuona kosa. Mtaani kwetu kila mfuga mbwa alifanya hivyo.

Popi alikufa wakati wa masika. Alianza kwa kususa chakula, akatapika, na siku ya tatu nikaona weupe wa macho yake umegeuka njano kama binzari. Daktari wa mifugo alipofika, kabla hata ya kufungua mkoba wake, aliuliza, "Mama, huyu anakula ugali wa unga gani?" Nikamletea kwenye bakuli. Akaunusa, akaniambia anashuku sumukuvu, na kwamba ini likishafika hapo dawa hazisaidii sana. Alfajiri nilimkuta amelala mlangoni kwa jikoni, pale pale alipozoea kulinda, amekufa.

Nasimulia haya kwa sababu siku hizi naoka biskuti za mbwa kila Jumamosi, na wapo wanaodhani nimepata hela ya kuchezea. Jirani mmoja aliniambia waziwazi: kuna watoto wanalala njaa, wewe unamwokea mbwa. Neno hilo liliniuma na nimelifikiria sana. Jibu langu ni kwamba sumu iliyomuua Popi ilitoka kwenye mahindi yetu wenyewe, mahindi yale yale ambayo sisi tunayala yakiwa na bahati ya kukauka vizuri.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga zenye unyevu, shambani au ghalani. Moto wa jikoni hauiondoi. Songa ugali, oka biskuti, bado imo. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Mbwa huathirika nayo upesi, tena waliwahi kuonyesha madhara yake kabla haijapata jina: katika miaka ya 1950, kusini mwa Marekani, mbwa walikufa kwa ugonjwa wa ini usioeleweka. Ni mpaka mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga, ndipo watafiti walipoanza kuisaka hadi wakaitambua. Na mwishoni mwa 2020 huko Marekani, chakula cha mbwa cha kiwandani kiliondolewa madukani kwa sababu hiyo hiyo.

Ndiyo maana napingana na wanaoanza na umbo la biskuti, iwe ya mfupa au ya moyo, huku bakuli la jioni likijazwa ugali wa lile gunia la pili. Vitafunwa havitakiwi kuzidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha mbwa kwa siku. Tomi, mbwa wangu wa sasa, ana kilo 12, na biskuti tatu ndogo zinamtosha kabisa. Zile sehemu tisa zilizobaki ndizo zitakazomuua au kumkuza. Anza na unga unaoula wewe, kisha ndiyo tuzungumze kuoka.

Mimi naoka hivi. Vikombe viwili vya unga wa atta, kikombe kimoja cha viazi lishe vilivyochemshwa na kupondwa, yai moja, na konzi moja ya dagaa wa Mwanza wasiotiwa chumvi. Kazi kubwa iko kwa dagaa. Huwa wameanikwa mchangani, kwa hiyo nawaloweka, nawaosha kwa maji matatu, nawakausha kwenye kikaango bila mafuta, halafu natwanga. Harufu ya kinu tu humtoa Tomi kule nyuma ya nyumba. Siweki chumvi wala sukari. Hamira pia siweki, maana donge bichi mbwa akiliiba huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe.

Nakanda mpaka donge liwe gumu kuliko la chapati, nasukuma, nakata kwa kifuniko cha chupa. Sina oveni. Natumia sufuria nzito kwenye jiko la mkaa, makaa machache chini na mengi nimeyapalia juu ya mfuniko, kama bibi alivyokuwa akioka mkate wa mchele. Baada ya nusu saa sizitoi. Naziacha humo mpaka makaa yawe majivu, zikauke hadi ndani, kwa sababu biskuti yenye unyevu katika joto la hapa huota ukungu ndani ya siku chache, na hapo nitakuwa nimerudi kule kule nilikotoka.

Wengi hutia siagi ya karanga. Kwetu karanga nazo hubeba sumukuvu, kwa hiyo ukizitumia zichambue moja moja, utupe zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Ukinunua ya kopo, soma maandishi yake: ikiwa imetiwa zailitoli, ile sukari mbadala, usimpe mbwa hata kidogo. Chokoleti, zabibu na makadamia vikae mbali naye. Na kitunguu, kibichi au cha mchuzi wa jana, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Hili wengi wetu hatulijui, ilhali mchuzi uliobaki ndio tunaomwagia ugali wake.

Lile gunia la pili bado lipo dukani. Nimezungumza na mwenye duka mara mbili, naye anasema wateja wanalitaka. Wiki iliyopita nilimkuta mzee mmoja akipimiwa kilo tano.

"Shikamoo mzee. Una mbwa wangapi?"

"Marahaba mwanangu. Wawili, na kuku kumi na mmoja."

Nikamweleza habari za Popi pale pale mbele ya mizani: macho ya njano, na ule mlango wa jikoni. Akausogeza mfuko puani, akanusa kwa muda. Kisha akamwambia mwenye duka arudishe ule unga, ampimie sembe kilo mbili na nusu.