Mifereji ya Uingereza Isinyimwe Fedha

Jamaa zangu wakija Uingereza hutaka kuiona London, na siwalaumu. Lakini wakinipa hata siku chache, mimi huwapeleka Wiltshire, kwenye mfereji wa Kennet and Avon, tukakodi boti nyembamba. Sijaona njia bora ya kuyajua mashamba na vijiji vya nchi hii. Ndiyo maana mpango wa serikali wa kupunguza fedha za mifereji unaniuma.

Boti hizi zina upana wa mita 2 na ushei tu, ingawa nyingine hufikia urefu wa mita 22. Jiko, vitanda na choo vimefuatana kama mabehewa. Kukodi hakuhitaji leseni ya unahodha; unaelekezwa kabla ya kuondoka, basi. Mshika usukani husimama nyuma, na akiusukuma mkono wa usukani kulia, boti huenda kushoto. Mwendo wa juu ni maili 4 kwa saa, na hata huo unaupunguza kila ukipita boti zilizofungwa ukingoni. Anayetembea kwenye njia ya kando, iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi waliovuta mizigo, anakupita. Wapo wanaolalamika. Mimi naona raha iko hapo hapo: unamtazama korongo mpaka achoke yeye kusimama, na salamu na mtu wa ukingoni unaimaliza yote, mpaka habari za watoto.

Kisha zinakuja loki, yaani vyumba vya maji vyenye malango, vinavyoipandisha boti mlimani. Unaingia, unafunga malango nyuma yako, unashuka na mpini wa chuma na kuzungusha vilango vidogo ili maji ya juu yaingie. Hakuna mota. Maji yenyewe yanakunyanyua, na kabla hayajalingana pande zote mbili, hata wanaume kumi hawalifungui lango. Yakishalingana, unaegemea boriti kwa mgongo na lango linasogea taratibu.

Pale Caen Hill, karibu na Devizes, ziko loki 29, na 16 kati yake zimepanda kilima kwa mstari mmoja. Ni kazi ya saa nyingi. Kwa kuwa ni pana, boti mbili huingia pamoja, kwa hiyo unajikuta unafanya kazi bega kwa bega na watu ambao asubuhi hukuwajua. Hoteli gani itakupa hilo?

Mfereji huu, kazi ya mhandisi John Rennie, ulikamilika mwaka 1810. Reli ikaja ikachukua mizigo, na mwaka 1852 kampuni ya reli ya Great Western ikaununua mfereji wenyewe. Ukaachwa uchakae hadi boti zikashindwa kupita. Waliouokoa ni wananchi. Mwaka 1956 walimpelekea Malkia ombi lenye sahihi zaidi ya 20,000, kisha kwa miaka mingi watu wa kujitolea wakachimba tope na kujenga upya kuta, mpaka Malkia Elizabeth akaufungua tena mwaka 1990.

Tangu 2012 mifereji mingi ya England na Wales iko mikononi mwa shirika la hisani, Canal & River Trust, linalosaidiwa na ruzuku ya serikali. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba ruzuku hiyo itapungua kuanzia 2027. Hoja ni kwamba shirika lijitafutie. Kwa nani? Wenye boti tayari wanalipia leseni, na baadhi yao wanaishi humo humo majini. Wanaotembea, wanaokimbia na wanaosukuma vigari vya watoto kando ya maji hawalipi kitu, na sitaki walipishwe. Lakini kuta zile zina miaka 200 na malango ni ya mbao inayooza. Kodi ya wote ndiyo inayopaswa kuyatengeneza, kama inavyotengeneza barabara.